Moyo wa Mwuguzi na Mahali pa Kazi

Msomaji kijana, yamkini umepata kulala hospitali, au kumsindikiza mdogo wako huko usiku, homa imempanda na mama hajui la kufanya. Ikiwa umepata, basi huenda umewaona wauguzi wa namna mbili. Yuko aliyekuja upesi, akaweka mkono juu ya kipaji cha mgonjwa, akauliza maswali kwa sauti ya upole, na kabla hajaondoka akamtuliza mama kwa neno moja au mawili. Na yuko aliyeita majina kwa ukali, asiinue uso wake, akakuonyesha benchi kwa kidole na kwenda zake. Mliporudi nyumbani habari zilisimuliwa, na hukumu ikatolewa palepale jikoni: yule wa kwanza ana moyo, yule wa pili hana. Kesi ikaisha.

Lakini hebu tuifungue kesi hiyo tena. Je, ukiambiwa kwamba mwuguzi wa kwanza alikuwa na wagonjwa sita wa kuwatazama, na wa pili alikuwa na sitini? Je, ukiambiwa kwamba huyo wa pili alikuwa kazini tangu alfajiri, aliyepaswa kumpokea zamu hakuja, na kabati la dawa lilikuwa tupu? Je, kesho yake wakibadilishana wodi, una hakika gani kwamba hutawakuta wamebadilishana na tabia pia?

Kazi ya mwuguzi ni kama mti wenye mizizi miwili. Mzizi mmoja umo ndani ya mtu mwenyewe: nia yake, elimu yake, tabia yake, afya yake, na mambo aliyoyaacha nyumbani asubuhi. Mzizi wa pili uko nje yake: idadi ya wagonjwa, vyombo vya kazi, mshahara, mkubwa anayemwongoza, na nyumba yenyewe anamofanyia kazi. Watu wengi huutazama mzizi wa kwanza tu, kwa kuwa ndio ulio karibu na macho. Nia yangu katika insha hii ni kukupeleka mahali ambapo mizizi yote miwili ilifunuliwa wazi mbele ya dunia, ili uamue mwenyewe. Mahali hapo ni Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul katika nchi ya Uturuki, na mwaka ni 1854.

Kwanza yafaa ujue uuguzi ulikuwaje zamani hizo. Katika Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, kazi hiyo haikuwa kazi ya heshima. Mwanamke aliyeingia hospitali kuuguza kwa ujira alikuwa mara nyingi maskini aliyekosa kazi nyingine. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kukosea, na aliyeumizwa na makosa yake alikuwa mgonjwa. Ujira wake ulikuwa mdogo. Wengine walilala katika vijumba vya mbao nje ya milango ya wodi, mahali pasipo mwanga wala hewa ya kutosha, na mchana walipaswa kulala papo hapo katikati ya makelele. Watu wenye cheo waliwacheka wauguzi hao na kuwaita walevi. Ni kweli kwamba walevi walikuwamo. Lakini waliowacheka hawakujiuliza ni mtu wa namna gani angeweza kuishi maisha hayo kwa miaka kumi asitafute kitu cha kumsahaulisha.

Katika zama hizo alizaliwa Florence Nightingale, tarehe 12 Mei 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, ambao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri sana. Alisomeshwa na baba yake lugha, historia na falsafa, na hesabu aliipenda mno. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliamini kwamba Mungu alikuwa amemwita katika utumishi, na baada ya miaka michache alitambua kuwa utumishi huo ni kuuguza wagonjwa. Wazazi wake waliposikia walishtuka kama wazazi ambao binti yao amesema anataka kwenda kuuza pombe. Walimkataza kwa miaka mingi. Hata hivyo nia yake haikupoa. Alisoma taarifa za hospitali alfajiri kwa mshumaa kabla watu hawajaamka. Mwaka 1850 aliitembelea nyumba ya wauguzi iliyokuwa Kaiserswerth katika Ujerumani, na mwaka 1851 alirudi huko kujifunza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Huo, msomaji, ndio mzizi wa kwanza ulipo imara. Hatuna budi kuusifu, maana pasipo nia kama hiyo habari zinazofuata zisingekuwako.

Mwaka 1853 alipewa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa katika London aisimamie. Ungedhani kwamba mtu mwenye wito mkubwa namna ile angeanza kwa kuwahutubia wauguzi juu ya huruma. La, hakuanza hivyo. Alianza na mabomba. Alitaka maji ya moto yafike kila orofa. Alitaka chombo cha kupandishia chakula kutoka jikoni mpaka juu. Alitaka kengele za wagonjwa zipangwe hivi kwamba mwuguzi akisikia mlio ajue mara moja ni nani aliyeita. Sababu yake ilikuwa wazi: mwuguzi anayepanda na kushuka ngazi siku nzima kuchukua maji na sahani humaliza nguvu zake zote katika miguu, na mgonjwa hupata mabaki. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

Mwezi wa Oktoba 1853 vita vilianza baina ya Urusi na Uturuki, na mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa ziliingia upande wa Uturuki. Mapigano makubwa yalikuwa katika rasi ya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Askari wa Kiingereza walioumia au kuugua walivushwa bahari kwa meli mpaka Scutari, ambako Waturuki walikuwa wamewaazima kambi kubwa ya jeshi igeuzwe hospitali. Mwandishi wa gazeti la The Times aliyeitwa William Howard Russell alipeleka habari za vita na dhiki za askari, na gazeti hilo likaeleza jinsi majeruhi walivyokosa hata matambara ya kufungia vidonda. Watu wa Uingereza walighadhibika. Waziri Sidney Herbert, aliyemfahamu Nightingale, alimwomba aende na kundi la wauguzi. Aliondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 pamoja na wanawake 38, na tarehe 4 Novemba walitia nanga Scutari.

Hao 38 walikuwa watu wa namna mbalimbali. Kumi walikuwa watawa wa Kikatoliki; wanane walikuwa masista wa Kanisa la Kiingereza; sita walitoka katika nyumba ya wauguzi ya Mtakatifu Yohana; na kumi na wanne waliobaki walikuwa wauguzi wa kawaida wa mahospitali, waliofuata mshahara. Ndani ya kundi moja walikuwamo waliojua kufunga kidonda lakini hawakujua kujizuia na kileo, na waliojua kusali lakini hawakupata kushika kidonda. Nightingale alilazimika kuwafukuza baadhi yao na kuwarudisha kwao. Wengine walifanya kazi mpaka wakaugua homa na kipindupindu, wakazikwa mbali na nyumbani. Hivyo kundi moja, chini ya mkubwa mmoja, lilizaa matunda tofauti. Na tofauti hiyo ilitoka ndani ya watu wenyewe. Asiyekiri hili hasemi kweli yote.

Lakini sasa tazama mahali walipofikia. Siku za kwanza madaktari wa jeshi hawakuwataka. Waliona kuwa wanawake hao ni wapelelezi waliotumwa na Serikali, au mzigo tu. Wakawaacha wakae bila kazi, wagonjwa wakiteseka hatua chache kutoka walipo. Nightingale aliwakataza wauguzi wake kuingia wodi yoyote mpaka daktari awaite. Wakakaa wakishona mashati na kukata bendeji. Amri hiyo ilikuwa chungu, na baadhi ya wanawake walimnung'unikia, lakini yeye alijua kwamba mwuguzi asiyeaminiwa na daktari hawezi kumsaidia mgonjwa hata akiwa na huruma ya malaika. Kesho yake, tarehe 5 Novemba, vilipiganwa vita vya Inkerman, na baada ya siku chache meli zilimimina majeruhi kama maji ya mafuriko. Hapo madaktari wenyewe waliomba msaada.

Walipoingia wodini walikuta mabeseni hayatoshi, sabuni hakuna, taulo hakuna, na nguo za wagonjwa hazifuliwi. Vitu vingine vilikuwa vimefika, lakini haviwezi kutolewa bohari pasipo karatasi ya mkubwa huyu na sahihi ya yule, na mizigo mingine ilikaa imefungwa ikingoja wakaguzi wakutane. Kila idara ilikuwa na mkuu wake, wala hapakuwa na mmoja aliyewajibika kwa yote. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nightingale alitumia fedha zilizochangwa na wasomaji wa The Times, pamoja na fedha zake mwenyewe, kununua sokoni Istanbul vitu ambavyo jeshi lilishindwa kuvitoa. Alikodi nyumba, akatia vyombo vya kuchemshia maji, akawaajiri wake wa askari wafue nguo. Mwaka 1855 mpishi mashuhuri aliyeitwa Alexis Soyer alifika, akazitengeneza jiko na namna ya kupika, na wagonjwa wakaanza kupata chakula kinacholika.

Usiku, wauguzi wengine walipokuwa wamezuiwa kuingia wodini, Nightingale alipita peke yake na taa mkononi, kitanda kwa kitanda. Taa hiyo ikawa maarufu ulimwenguni. Imechorwa katika picha, imeimbwa katika mashairi, na hata leo katika vyuo vingi wauguzi wapya huwasha taa au mishumaa wanapokula kiapo. Kama habari ingeishia hapo, ningekuambia kwamba moyo umeshinda, na insha hii ingekuwa fupi.

Habari haikuishia hapo. Majira ya baridi ya mwaka ule yaliingia, askari wakaletwa kutoka Crimea wakiwa wamechoka, wamekonda, na wanaugua kuhara na homa. Wauguzi walikuwapo. Sabuni ilikuwapo sasa, na mashati safi, na taa ya usiku. Hata hivyo watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855 walikuwa wakifa wapata 42 katika kila wagonjwa 100 wa Scutari. Jaribu kuliwaza jambo hilo. Katika wodi ya vitanda hamsini, zaidi ya ishirini walitolewa wakiwa maiti. Bibi mwenye taa alikuwa amekusudia, amejifunza, amejinyima usingizi, na bado hakuweza kuzuia.

Mwezi wa Machi 1855 Serikali ya Uingereza ilipeleka tume ya usafi, na miongoni mwao walikuwamo daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Watu hawa hawakuwatazama wagonjwa. Walitazama chini ya sakafu. Wakakuta kwamba jengo lote lile lilikuwa limekaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na upepo ukivuma uliirudisha harufu yake mpaka vitandani. Katika mfereji mmoja wa maji yaliyotumiwa hospitalini ulikutwa mzoga wa farasi. Walitoa takataka kwa mamia ya mikokoteni, wakasafisha mifereji, wakapaka kuta chokaa, wakafungua matundu ya hewa. Msongamano wa wagonjwa ukapunguzwa, na majira nayo yakaanza kuwa mema. Ilipofika Juni 1855 waliokufa walikuwa wapata wawili tu katika kila 100.

Soma tena hesabu hizo mbili: 42, kisha wawili. Kati ya Februari na Juni mioyo ya wauguzi haikubadilika. Wale waliokuwa wapole Februari walikuwa wapole Juni. Kilichobadilika zaidi ni mahali pa kazi.

Nightingale mwenyewe alipokuwa Scutari hakulitambua jambo hili lote. Alidhani kwamba askari walikufa zaidi kwa sababu waliletwa wakiwa wamechelewa, wameishiwa nguvu kwa njaa na baridi. Alirudi Uingereza mwaka 1856, akakaa na bwana William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakazihesabu maiti za vita vile. Waingereza wapata 16,000 walikuwa wamekufa kwa maradhi. Waliokufa kwa risasi, mizinga na majeraha hawakufika 5,000. Na hospitali kubwa ya Scutari, ile yenye sifa na wauguzi wengi, ilikuwa miongoni mwa zile zilizopoteza watu wengi kabisa katika majira yale ya baridi. Fikiri jinsi ilivyokuwa kwake kuyasoma maneno hayo katika mwandiko wake mwenyewe. Mtu mdogo angeificha karatasi. Yeye aliichapisha. Alizichora hesabu hizo katika duara lenye rangi, ili hata waziri asiyependa hesabu aone kwa jicho moja, na maisha yake yote yaliyobakia alipigania mifereji, madirisha na maji safi kuliko alivyopigania sifa ya taa.

Nisingependa ufikiri kwamba Scutari ilikuwa na mwuguzi mmoja tu. Alikuwako Betsi Cadwaladr, mwanamke wa Wales aliyezaliwa mwaka 1789, ambaye alikwenda vitani akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa mtu wa kazi na mwenye ulimi mkali. Hakuvumilia kukaa akingoja karatasi na sahihi. Alishindana na Nightingale, kisha akaondoka Scutari na kwenda Balaklava, karibu na uwanja wa vita, ambako aliuguza, kisha akasimamia jiko la wagonjwa mpaka maradhi yakamwangusha, akarudishwa kwao mwaka 1855. Watu wawili hawa wote walikuwa na nia njema, lakini mmoja aliamini kwamba utaratibu huokoa maisha, na mwingine aliona kwamba utaratibu hukawiza msaada. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Hospitali inayotaka kazi njema sharti iwe na amri, na sharti pia iwe na sikio la kumsikiliza mtumishi anayesema kwamba amri hii inaua.

Na alikuwako Mary Seacole. Huyu alizaliwa Kingston, katika kisiwa cha Jamaica, mwaka 1805. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, mganga aliyejua dawa za miti na kutunza nyumba ya wageni; baba yake alikuwa askari wa Scotland. Mary alikuwa amewauguza watu wa kipindupindu katika Panama na watu wa homa ya manjano katika Jamaica kabla ya vita. Mwaka 1854 alifika London akaomba kupelekwa Crimea pamoja na wauguzi wengine. Akakataliwa, mlango baada ya mlango, na mwisho akajiuliza kama rangi ya ngozi yake ndiyo iliyofunga milango hiyo. Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa gharama yake, na mwaka 1855 alijenga karibu na Balaklava, kwa mbao na mabati ya kuokoteza, nyumba aliyoiita British Hotel. Aliuza chakula na vinywaji kwa wenye fedha, akawatibu askari wagonjwa, akapanda nyumbu kwenda kuwatafuta majeruhi karibu na mizinga. Vita vilipokwisha alifilisika. Baadaye askari na wakubwa wao walimkumbuka wakamchangia, na mwaka 1857 aliandika kitabu cha maisha yake. Alikufa mwaka 1881, akasahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2016 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya hospitali ya St Thomas', London.

Nakutajia habari za Seacole kwa sababu zinatufundisha jambo ambalo habari za mifereji hazifundishi. Mahali pa kazi si kuta na maji tu. Mahali pa kazi ni pamoja na mlango wa kuingilia, na yule anayekaa mlangoni akichagua. Mtu anaweza kuwa na ujuzi, nia na ushujaa, na bado kazi yake ikapotea bure kwa kuwa wenye mlango hawakumtaka. Ujuzi wa Seacole haukupungua kwa kukataliwa. Waliopungukiwa ni wagonjwa.

Baada ya vita wananchi wa Uingereza walichanga fedha nyingi kwa heshima ya Nightingale, na kwa fedha hizo chuo cha wauguzi kilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas'. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Namna chuo hicho kilivyoendeshwa inaonyesha kwamba mwanzilishi wake alikuwa ameielewa mizizi yote miwili. Kwa upande wa mtu mwenyewe, kila mwezi matroni aliandika katika daftari habari za kila mwanafunzi: kuwahi kwake, utulivu wake, uaminifu wake, unadhifu wake, na ujuzi wake wodini. Kwa upande wa mahali pa kazi, mwanafunzi alipewa chumba chake, chakula, nguo za kazi, na posho ya pauni 10 kwa mwaka. Hakulala tena nje ya mlango wa wodi. Watu walishangaa baadaye kuona kwamba wauguzi waliotoka pale hawakuwa walevi. Hapana la kushangaza. Ukimtendea mtu kama mtu mwenye heshima, ukamfundisha, ukamwonyesha kwamba kazi yake inatazamwa, mara nyingi atajiheshimu.

Huenda utasema kwamba hayo ni mambo ya zamani, siku za mishumaa. Basi nikuletee ya karibu. Mwaka 1983 jumuiya ya wataalamu wa uuguzi katika Marekani ilitangaza uchunguzi juu ya hospitali ambazo wauguzi hawazikimbii. Wakati huo hospitali nyingi huko zililia kwamba wauguzi hawapatikani, lakini zilikuwako nyingine, katika miji ileile, ambazo waliingia na kukaa kwa furaha. Kati ya hospitali 163 zilizochunguzwa, 41 zilionekana kuwa na mvuto huo kama sumaku. Zilikuwa na nini? Wakubwa wanaosikiliza, wauguzi wa kutosha katika zamu, nafasi ya kujiendeleza kwa elimu, na ruhusa ya mwuguzi kutumia akili yake.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Linda Aiken walitangaza hesabu za hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Waliwauliza maswali wauguzi zaidi ya 10,000, na kutazama habari za wagonjwa zaidi ya 230,000 waliopasuliwa. Walikuta kwamba kila mwuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja juu ya wale alio nao, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa mwuguzi mwenyewe kuishiwa na moyo wa kazi uliongezeka kwa asilimia 23. Mwaka uliofuata watafiti haohao walitangaza jambo jingine: kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipozidi kwa asilimia 10 katika hospitali, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 5. Hapo tena mizizi ni miwili. Elimu imo ndani ya mtu. Mzigo wa wagonjwa hupangwa na wengine. Na ule moyo tunaoupima kwa haraka tukiwa kwenye benchi, kumbe nao hupungua kadiri mzigo unavyozidi.

Sasa turudi kwetu. Hospitali tunayoiita leo Kenyatta ilianza mwaka 1901 katika Nairobi ikiwa na vitanda 40, ikaitwa hospitali ya wenyeji. Mwaka 1952 ikapewa jina la King George VI, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikapewa jina la Kenyatta. Nchi ilikua, hospitali zikaongezeka, na wauguzi wa Kenya wakajenga sifa. Mwaka 2013 hospitali nyingi ziliwekwa chini ya serikali za kaunti. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa hospitali za umma waliacha kazi wakidai mapatano ya mishahara na posho zao yatiwe sahihi, na mgomo huo haukwisha mpaka tarehe 2 Novemba. Ilikuwa miezi mitano. Wenye fedha walikwenda hospitali za watu binafsi. Wasio na fedha walikaa nyumbani na maradhi yao.

Siku zile watu walisema mengi. Wako waliosema kwamba wauguzi hawana utu, na wako waliosema kwamba serikali haina utu. Mimi sikuandika insha hii ili kukata shauri hilo. Najua kwamba mama mjamzito aliyekuta mlango umefungwa hakukosea kulia. Najua pia kwamba mwuguzi anayedai haki yake anadai sehemu ya zana za kazi, kama anavyodai glavu na sindano. Maana anayeingia zamu akiwaza kodi ya nyumba na karo za watoto huingia na nusu ya akili. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wakafanye kazi huko. Hivyo binti wa Kisii au wa Taita anaweza leo kuuguza katika nchi ya Nightingale. Anaondoka na moyo uleule aliokuwa nao hapa na cheti kilekile. Ikiwa huko atasifiwa na hapa alilaumiwa, yatupasa tuulize ni kitu gani kilichobadilika njiani.

Msomaji kijana, baadhi yenu mtakuwa wauguzi. Kwenu nasema: msiufanye ubovu wa mahali pa kazi uwe kisingizio cha ukali. Katika Scutari wako waliokunywa na wako waliouguza, chini ya dari moja lililovuja. Neno jema halinunuliwi bohari, wala halihitaji sahihi ya mtu. Jifunzeni bila kukoma, maana huruma isiyo na ujuzi nayo huua.

Lakini wengi wenu hamtakuwa wauguzi. Mtakuwa wajenzi, wahasibu, madiwani, mawaziri, au wagonjwa tu. Kwenu nasema kwamba uuguzi ni kazi yenu pia. Mjenzi anayeelekeza mfereji vizuri anauguza. Mhasibu anayelipa mshahara siku yake anauguza. Diwani anayeuliza ni wauguzi wangapi waliomo katika zamu ya usiku, badala ya kuuliza rangi ya lango la hospitali, anauguza. Na wewe uliyekaa kwenye benchi, utakapomwona mwuguzi aliyekunja uso, kabla hujarudi nyumbani na hukumu yako, tazama kwanza ana vitanda vingapi mbele yake. Kisha nenda ukamwulize anayehusika kwa nini ni vingi hivyo.